Kujifunza Piano Nyumbani kwa Masomo ya Mtandaoni: Mwongozo kwa Familia za Mkiwa

Mtoto anayejifunza piano kwa njia ya mtandao huwa na walimu wawili: yule anayeonekana kwenye kioo cha simu, na mzazi au ndugu anayeketi kando yake. Wa kwanza huonyesha jambo, wa pili huhakikisha limeshikwa. Mkiwa, kwenye njia panda ambapo barabara ya Itigi na Rungwa huachana na barabara kuu ya kutoka Manyoni kwenda Singida, si mahali ambapo mwalimu wa piano hupatikana kirahisi, na simu inaweza kuziba pengo hilo. Hata hivyo simu haioni kifundo cha mkono kilichokakamaa wala haimrudishi mtoto kwenye kipande alichokiruka. Kazi hiyo hubaki kwa watu wa nyumbani, na familia yenye mwanakwaya hata mmoja tayari ina ujuzi wa kuianza, ingawa pengine hakuna ndani yake aliyewahi kugusa kinanda. Ujuzi huo ni sol-fa.

Sol-fa kama daraja

Kwaya nyingi za makanisa nchini, za Kikatoliki, za KKKT na nyinginezo, hujifunza nyimbo kwa noti za herufi: d, r, m, f, s, l, t. Mfumo huu ulibuniwa Uingereza katika karne ya 19 na Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, kisha ukaendelezwa na kusambazwa na mchungaji John Curwen. Wamisionari waliuleta Afrika kwa sababu uliweza kuchapwa kwa herufi za kawaida bila karatasi ya mistari mitano. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule huko Johannesburg ambaye mwaka 1897 alitunga wimbo uliotoa tuni ya wimbo wa taifa wa Tanzania, naye alitumia noti hizi.

Kwa mtoto anayeanza piano, mzazi anayesoma sol-fa ni hazina. Mwanakwaya aliyeimba sauti ya pili au besi kwa miaka kadhaa anajua kwa sikio kwamba hatua kutoka m kwenda f ni fupi kuliko hatua kutoka d kwenda r, anajua t inavyotamani kurudi d, na anatambua papo hapo noti iliyopotea. Vitabu vya piano hutumia miezi mingi kujenga usikivu huo. Kinachobaki ni kumwonyesha mtoto kwamba sauti anazoziimba zinakaa mahali fulani kwenye kinanda.

Jambo moja huwachanganya wengi. Katika sol-fa ya kwaya, d huhama: karatasi ikiandikwa kwamba do ni G, basi G ndiyo d, na ikiandikwa kwamba do ni F, wimbo mzima huanzia hapo. Masomo ya mtandaoni yanayotoka Ufaransa, Italia au Hispania hutumia majina hayo hayo kwa maana tofauti, kwani kwao do ni C siku zote. Mzazi akichagua somo, atazame dakika chache za mwanzo na kubaini mwalimu anatumia utaratibu upi. Mtoto wa mwanakwaya akipewa do isiyohama atavurugikiwa na sikio alilokwisha kulijenga, na kosa halitakuwa lake.

Kuchagua kinanda

Piano ya mbao yenye nyuzi haifai kwa familia inayoanza. Ina vitufe 88 na zaidi ya nyuzi 200, huhitaji kutyuniwa angalau mara moja kwa mwaka, na mafundi wa kazi hiyo ni adimu. Ukavu wa kiangazi cha Singida hukausha mbao zake, na mchwa hawachagui. Kinanda cha umeme kinatosha kabisa kwa miaka miwili au mitatu ya kwanza.

Katika kununua, mambo mawili hayapaswi kulegezwa. La kwanza ni upana wa vitufe. Vinanda vidogo vya watoto vina vitufe vyembamba, na mkono uliozoea nafasi finyu hulazimika kujifunza upya baadaye. Kinanda cha vitufe 61 vya ukubwa wa kawaida, yaani oktavu tano, ndicho kiwango cha chini kinachofaa. La pili ni kitufe kuitikia mguso: kikibonyezwa polepole kitoe sauti ndogo, kikipigwa kwa nguvu kitoe sauti kubwa. Hili hupimwa dukani kwa kidole kimoja. Kama sauti haibadiliki, muuzaji aombwe ahakikishe mpangilio huo umewashwa. Ikiwa kinanda hakina kabisa uwezo huo, kiachwe hata kama bei inavutia. Mtoto anayejifunza kwenye kinanda kisichoitikia mguso hujifunza kupiga bila kusikiliza nguvu ya mkono wake, na kuiondoa tabia hiyo ni kazi ya miaka. Aina za Yamaha PSR-E na Casio CT-S zenye vitufe 61 huonekana sana madukani na baadhi yake zina uwezo huo, si zote, kwa hiyo namba ya modeli isomwe vizuri.

Kinanda cha mtumba si kibaya. Kila kitufe kibonyezwe, kuanzia kushoto hadi kulia, bila kuruka. Spika zisikilizwe sauti ikiwa juu, tundu la adapta litikiswe kidogo kuona kama umeme unakatika, na tundu la hedifoni lijaribiwe. Kinanda kikinunuliwa Kariakoo kinaweza kusafirishwa kwa mabasi yanayotoka Dar es Salaam kupitia Dodoma kwenda Singida na kuendelea, ambayo hupita Mkiwa. Kifungwe kwa blanketi ndani ya boksi lake, kisimamishwe kwa ubavu mrefu, na kisiwekwe chini ya magunia.

Umeme, vumbi na radi

Kinanda cha vitufe 61 hula umeme mdogo, kwa kawaida chini ya wati 10, na aina nyingi hutumia pia betri sita za AA. Betri za kuchaji huokoa fedha kwa nyumba inayokatikiwa umeme mara kwa mara. Vinanda vya vitufe 88 kama Yamaha P-45 havina sehemu ya betri, hivyo hutegemea adapta peke yake.

Adapta ndiyo huua vinanda vingi. Yamaha nyingi hutaka volti 12, Casio nyingi za sasa hutaka volti 9.5, na mpangilio wa chanya na hasi kwenye ncha ya waya hutofautiana kati ya aina na aina. Alama yake huchorwa karibu na tundu na kwenye adapta yenyewe, na michoro hiyo miwili lazima ilingane. Familia inayotumia sola isiunganishe kinanda cha volti 12 moja kwa moja na betri ya sola. Betri hiyo inapochajiwa mchana volti zake hupanda hadi zaidi ya 14. Kiwekwe kifaa cha kutuliza volti katikati, au itumike inveta pamoja na adapta halisi ya kinanda.

Singida ni mkoa wa upepo, na tangu Juni hadi mvua za kwanza vumbi huingia hata kwenye nyumba zenye vioo. Vumbi likishuka chini ya vitufe huharibu viguso vya mpira, na dalili yake ya kwanza ni kitufe kinachotoa sauti kubwa ghafla au kunyamaza. Kanga iliyokunjwa mara mbili ikifunika kinanda kila baada ya mazoezi inatosha. Kifutwe kwa kitambaa kikavu, bila maji wala dawa ya kupuliza. Katika miezi ya mvua, adapta ichomolewe ukutani mara tu ngurumo zinaposikika. Kuzima swichi peke yake hakuzuii radi.

Bando na namna ya kupata masomo

Masomo ya mtandaoni ni ya namna tatu, na gharama zake za bando hazifanani. Ya kwanza ni video zilizorekodiwa. Somo la watoto kwa kawaida huchukua dakika tano hadi kumi, na kwa ubora wa picha wa kati, ule unaoandikwa 360p, saa nzima ya video hutumia takribani MB 300. Somo la dakika saba basi ni kama MB 35. Kupakua masomo kadhaa kwa mara moja kwa kifurushi cha usiku ni nafuu kuliko kuyatazama mchana, na mtoto anaweza kurudia somo hilo mara nyingi bila bando kuliwa tena. Ya pili ni somo la ana kwa ana kwa video, ambalo kwa nusu saa hutumia takribani MB 270, na hata maradufu picha ikiwa ya ubora wa juu. Ya tatu ni somo la kutumiana: familia hurekodi dakika moja au mbili, humtumia mwalimu kwa WhatsApp, naye hujibu kwa sauti au kwa video fupi.

Kwa mazingira ya Mkiwa, namna ya kwanza ikichanganywa na ya tatu hufaa kuliko somo la ana kwa ana. Mtandao unapoyumba jioni, somo la moja kwa moja hukatika mahali pabaya na mtoto hukata tamaa. Rekodi hufika hata kama inachelewa dakika kumi. Tena mtoto anayejua kwamba Jumamosi atarekodiwa hupata lengo la wiki, na anajisikiliza mwenyewe, jambo ambalo wapiga piano wa kila umri huliona gumu na lenye manufaa makubwa.

Miongoni mwa kozi za video kwa watoto, ile ya Hoffman Academy, iliyoanzishwa na Joseph Hoffman wa jimbo la Oregon, Marekani, inastahili kutazamwa kwanza. Video zake za msingi ni za bure, huanza kwa kupiga kwa sikio kabla ya kusoma noti, na hutumia sol-fa. Lugha yake ni Kiingereza, na mtoto wa darasa la pili katika shule ya Mkiwa hataielewa yote. Hilo lisiwe kizuizi. Mzazi au kaka wa sekondari atazame somo kwanza peke yake, ajaribu mwenyewe kwenye kinanda, kisha amfundishe mtoto kwa Kiswahili, na video ije mwisho kama kielelezo cha kuonwa. Anayefundisha namna hii hujifunza naye, na familia nyingi hugundua kwamba mama amepata mkono wa kulia kabla ya mtoto.

Programu zinazosikiliza kinanda kwa maikrofoni ya simu na kusema noti ipi imekosewa, kama Simply Piano, hufaa kwa kukazia yaliyokwisha kufundishwa. Nyingi hutoa sehemu ya mwanzo bure na kudai malipo ya kila mwezi au mwaka kwa zinazofuata. Hazioni vidole, na mtoto anaweza kupata alama zote huku akipiga kila noti kwa kidole kimoja cha shahada.

Kukaa na kuweka mikono

Meza ya chakula ina urefu wa sentimita 75 hivi. Kinanda kikiwekwa juu yake, vitufe hufika sentimita 83 au zaidi kutoka sakafuni, wakati vya piano ya kawaida viko kwenye sentimita 72 hivi. Tofauti hiyo huwafanya watoto wapandishe mabega na kuchoka baada ya dakika chache, na wazazi hudhani ni uvivu. Dawa ni ama meza fupi, ama kiti kilichoongezwa mto mgumu hadi kiwiko cha mtoto kiwe sawa na vitufe. Baada ya kuongeza kiti, miguu itaning'inia, na mtoto anayening'iniza miguu hutafuta mhimili kwa kuegemea mikono. Chini ya miguu yake kiwekwe kigoda, matofali mawili au debe lililofunikwa kifuniko.

Vidole vina namba: gumba ni 1, shahada 2, cha kati 3, cha pete 4 na kidogo 5, mikono yote miwili. Mkono huwekwa kama ulivyo unapolegezwa kando ya mwili, ukiwa umejikunja kidogo, na vidole hugusa kitufe kwa ncha zake zenye nyama, kwa hiyo kucha zikatwe. Simu iwekwe kando, sawa na urefu wa mkono, ili inaporekodi ionyeshe kiganja na kifundo. Rekodi ya uso wa mtoto humfurahisha bibi, lakini mwalimu haimsaidii.

Majuma ya kwanza

Masomo mengi ya watoto huanzia kwenye vitufe vyeusi, na kuna sababu nzuri. Vitufe vyeusi vimepangwa viwili, kisha vitatu, kisha viwili tena, hivyo huonekana na hushikika hata kwa mtoto wa miaka mitano. Kundi la vitatu, kutoka kushoto kwenda kulia, linatoa d, r, m. Mzazi huimba d r m, mtoto huziitikia kwa sauti, kisha huzipiga kwa vidole 2, 3 na 4 vya mkono wa kulia. Halafu huzitafuta hizo hizo kwenye kundi jingine la vitatu, juu zaidi au chini zaidi. Kwa siku kadhaa hapahitajiki kingine. Mzazi huimba fumbo la noti tatu, kwa mfano m d r, na mtoto hulijibu kwa vidole. Kisha mtoto hutunga lake na mzazi hujibu kwa kuimba.

Hatua inayofuata ni vitufe vyeupe. Kitufe cheupe kilicho kushoto kabisa mwa kundi la vyeusi viwili ni C. Mtoto huanzia hapo: C, D, E, na husikia d r m ile ile. Akianzia G, yaani G, A, B, bado ni ile ile. Kisha aambiwe aanzie D na apige vitufe vitatu vyeupe vinavyofuatana. Anayeimba d r m huku akipiga D, E, F atasimama mwenyewe, kwa sababu m haikufika inapotakiwa. Imebaki chini, na wimbo umehuzunika. Mzazi asimpe jibu. Mtoto akiachwa na kinanda dakika mbili atagusa kitufe cheusi kilicho kulia mwa F na kukipata alichokuwa anakitafuta. Hapo ameelewa kwa nini vitufe vyeusi vipo, maarifa ambayo wanafunzi wengi waliosoma kwa kukariri huyakosa kwa muda mrefu.

Mapigo hufundishwa kwa makofi kabla ya vidole. Karatasi ya kwaya hutenganisha mapigo kwa nukta mbili na vipimo kwa mstari wima, na kistari huonyesha noti inayoendelea:

d : r | m : – | r : m | d : – |

Hapa d na r zinapata pigo moja moja, kisha m inashikiliwa kwa mapigo mawili. Mtoto hupiga makofi kwenye kila pigo huku akiimba, kisha huhamishia kwenye kinanda. Anayekatiza noti ndefu kabla ya wakati, kosa la kawaida kupita yote, hurudishwa kwenye makofi.

Kinanda cha umeme kina midundo ya kujiendesha: rumba, reggae, waltz na mingine mingi. Mtoto aruhusiwe kuichezea baada ya mazoezi, lakini wakati wa mazoezi itumike metronomu tu. Kitufe cha kuhamisha ufunguo nacho kiachwe. Wapiga kinanda wengi makanisani hupiga kila wimbo kwa vitufe vile vile na kuiacha mashine ipandishe au ishushe. Kwa Jumapili moja hilo linaokoa, ila mtoto anayelelewa hivyo hujikuta hana anachoweza siku atakapoketi mbele ya piano isiyo na kitufe hicho.

Sikio la mtoto wa Singida lina pia urithi mwingine unaostahili heshima. Katika muziki wa Wagogo, ambao Hukwe Zawose aliufikisha majukwaa ya dunia kwa zeze na ilimba, kuna sauti inayokaa katikati ya vitufe viwili vya piano. Mtoto aliyeusikia muziki huo tangu utotoni akiimba noti inayopishana kidogo na kinanda si lazima awe amekosea, kwani anaimba kwa mizani nyingine. Aambiwe hivyo waziwazi, na aonyeshwe mizani ya kinanda bila kudharauliwa ile ya nyumbani.

Mazoezi ya kila siku

Mtoto wa miaka mitano hadi saba anatosheka na dakika kumi hadi kumi na tano. Wa miaka minane hadi kumi na mbili anaweza kufika nusu saa. Siku tano za dakika kumi na tano huzaa kuliko Jumamosi moja ya saa mbili, kwa kuwa vidole hujifunza mtoto anapolala kati ya zoezi na zoezi. Muda bora ni ule unaofungwa na jambo lisilobadilika, kama vile baada ya kuvua sare za shule au kabla ya chakula cha jioni.

Ratiba hiyo hupimwa na kazi za nyumbani. Mara nyingi kaka huketi kwenye kinanda jioni wakati dada ameenda kuchota maji au anasonga ugali, na baada ya mwaka watu husema kijana ana kipaji. Familia inayotaka watoto wote wajifunze haina budi kupanga kazi za nyumbani sambamba na zamu za kinanda, zamu ya msichana ikiandikwa kwanza. Asiye na zamu hupiga makofi, huimba sauti ya pili au hugeuza karatasi. Wakati wa kupanda na wa kuvuna alizeti na mtama mazoezi yapunguzwe hadi dakika tano, lakini yasikatwe kabisa.

Mazoezi yenyewe yasiwe kurudia wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtoto akikosea kwenye kipimo cha sita, huwa anaanza upya kutoka cha kwanza, anapita vitano anavyovijua, na kukosea tena pale pale. Kinachosaidia ni kukata kipimo cha tano hadi cha saba, kupiga mkono mmoja tu, polepole kiasi cha kutokosea, mara nne au tano, kisha mkono wa pili, kisha yote miwili. Baada ya hapo kipande hurudishwa ndani ya wimbo. Mzazi asiyejua piano anaweza kusimamia hili lote kwa kuuliza tu: ni wapi hasa panapokwama?

Shinichi Suzuki, mwalimu wa fidla wa Japani ambaye njia yake ilienea hadi kwenye piano, alimtaka mzazi ahudhurie masomo na ajifunze kupiga kidogo kabla au pamoja na mtoto. Masomo ya mtandaoni yanayofaulu hufuata utaratibu huo hata pasipo kuutaja.

Somo la ana kwa ana

Familia inayopata mwalimu wa Dar es Salaam, Arusha, Nairobi au ndugu aliye ng'ambo inaweza kuweka somo la video mara moja au mbili kwa mwezi. Programu za mikutano huchuja sauti zinazodumu zikidhani ni kelele, na noti ndefu ya kinanda hukatwa katikati. Zoom ina mpangilio unaopitisha sauti halisi bila kuchujwa, nao uwashwe pande zote mbili. Kupiga pamoja na mwalimu hakuwezekani, kwani sauti huchelewa njiani. Mmoja hupiga, mwingine husikiliza. Mwalimu aliye London afahamishwe mapema kwamba Tanzania haibadilishi saa: saa kumi jioni Mkiwa ni saa saba mchana London wakati wa baridi, na saa nane wakati wa kiangazi chao. Mtu mzima wa nyumbani abaki chumbani muda wote wa somo, na rekodi za mtoto zisitumwe kwa mwalimu ambaye familia haijamfahamu kwa njia ya mtu inayemwamini.

Mkono wa kushoto na kuitikia kwaya

Baada ya miezi kadhaa, mkono wa kushoto hupewa kordi tatu: d m s, f l d, na s t r. Do ikiwa C, hizo ni C E G, F A C na G B D, na zinatosha kusindikiza sehemu kubwa ya nyimbo za Sunday school. Mzazi huimba, mtoto hutafuta ni wapi kordi ibadilike, sikio humwambia. Karatasi ya kwaya yenye sauti nne humpa kazi ya muda mrefu: kwanza sauti ya kwanza kwa mkono wa kulia, kisha besi kwa wa kushoto, kisha hizo mbili pamoja. Tovuti ya Swahili Music Notes imehifadhi nyimbo nyingi za kwaya za Kikatoliki za hapa nchini, na familia inaweza kupakua zile ambazo mtoto anazisikia Jumapili.

Noti za mistari mitano zianze katika mwaka wa kwanza, zisisubiri. Sol-fa humwambia mtoto noti inavyosikika, mistari humwonyesha mahali pa mkono, na muziki mwingi wa piano duniani haujaandikwa kwa herufi. Vipande vya kwanza vya Mikrokosmos, ambayo juzuu zake za mwanzo Béla Bartók alimtunukia mwanawe Péter, vinafaa hapa, kwa sababu mikono haitoki mahali pamoja. Daftari ambalo Johann Sebastian Bach na mkewe Anna Magdalena walilianza mwaka 1725 kwa muziki wa nyumbani kwao lina vipande vya kufuata baada ya mwaka wa pili au wa tatu.

Mitihani na kuendelea mbele

Anayetaka kipimo cha nje anaweza kufanya mitihani ya ABRSM ya Uingereza, bodi iliyoanzishwa mwaka 1889, yenye ngazi nane na ngazi moja ya utangulizi. Aina moja ya mitihani yake hufanywa kwa kurekodi vipande vinne mfululizo bila kukata na kutuma video kwa mtandao, hivyo mtahiniwa hahitaji kusafiri. Kinanda cha vitufe 61 hakikidhi masharti ya mtihani wa piano. Panatakiwa ala yenye vitufe vizito vilivyo kama vya piano, na pedali. Familia inayofika hapo huwa imefika wakati wa kununua kinanda cha vitufe 88, au kuomba kukitumia cha kanisa au shule kwa siku ya kurekodi.

Ndani ya nchi, muziki ni somo linalotahiniwa na NECTA katika kidato cha nne, ingawa shule zinazolifundisha ni chache, na mzazi anayetaka njia hiyo aulize kabla ya kuchagua shule. Baada ya sekondari kuna TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Kipo pia Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira karibu na Arusha, chenye shahada ya muziki. Tena ipo Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar, iliyofunguliwa mwaka 2002, ambako piano hufundishwa bega kwa bega na kanuni, udi na midundo ya taarab.